Shingo ya Bwana Gwilimu

Jumatatu, 7 Julai 1952

Wagonjwa arobaini na mmoja. Vidole vilivyobanwa, viganja vilivyochunwa na kamba, homa, na wale watatu ambao tumbo huwauma kila Jumatatu asubuhi na kupona saa sita. Nimewapa kwinini ya maji, kijiko kizima kila mmoja, nikasimama mbele yao mpaka wakameza. Tuone Jumatatu ijayo.

Iodini imebaki robo chupa. Nimemwandikia Daktari mara mbili, kimya. Daktari ni Mzungu. Hufika hapa dispensari ya bandarini kila Ijumaa, anapitia daftari la wagonjwa, anatia sahihi, anaondoka hata kiti hakijapata joto. Siku zilizobaki anayewatibu makuli ni mimi, dresa. Sinung'uniki. Nasema kilichopo.

Nimerudi Temeke kwa baiskeli, upepo wa kusi usoni njia nzima. Mke wangu Tekla kapika mhogo na kisamvu. Mtoto ana mafua.

Alhamisi, 10 Julai

Jambo la ajabu leo. Nilikuwa nafunga dirisha la dawa, akaingia Bwana Gwilimu, msimamizi wa winchi. Akafunga mlango nyuma yake.

Huyu ni Mwelisi, wa nchi ndogo iliyo ubavuni mwa Uingereza. Ukimwita Mwingereza anakasirika kama umemtukania mama. Makuli wamempa jina la Bwana Shingo, kwa kuwa shingo yake ni pana kuliko kichwa, na akitaka kutazama pembeni hugeuka mwili mzima. Zamani aliichezea nchi yake raga, mpira wao ule wenye umbo la yai. Mpaka leo, na umri wake wa miaka thelathini na saba, anaichezea klabu ya Wazungu ya hapa.

Akavua shati, akakaa kwenye benchi la makuli. Anasema mwezi uliopita alikuwapo ghalani nilipomrudishia kuli mmoja bega lililochomoka. Aliona kwa macho yake. Hakuna sindano, hakuna mashine. Anataka mikono hiyohiyo ishike shingo yake.

Nikamwambia Wazungu wana hospitali yao. Akasema Daktari ndiye mkubwa wa raga pale klabuni, ndiye anayepanga nani acheze na nani akae. Akijua tu, kwisha.

Bega lile ndilo lililonipatia onyo. Daktari aliniita, akasema akisikia tena nafanya mambo ya kienyeji nikiwa dresa wake, nitarudi Masasi kupalilia mikorosho. Kwa hiyo akili iliniambia nimtoe huyu mtu nje. Lakini mikono ilikuwa imeshaanza kujipaka mafuta.

Marehemu baba alikuwa mwunga mifupa. Aliponirithisha kazi alinirithisha na mwiko wake: ulichokikuta mwilini mwa mtu ni cha mtu huyo. Humwambii mkewe, humwambii jumbe, humwambii padri. Ukisema, mikono inakufa. Nimesoma misheni, nimesoma kitabu cha Kiingereza cha mifupa chenye picha. Bado naamini.

Nilichokikuta sikukipenda. Chini kidogo ya katikati ya shingo mfupa mmoja umesogea mbele kuliko wenzake. Misuli imeuzunguka kama fundo la kamba ya meli. Kidole gumba cha kushoto kimekufa ganzi, na cha shahada pia. Nilimchoma pini, hakujua.

Nimemkanda polepole, pembeni tu, mfupa wenyewe sikuugusa. Alipoinuka aligeuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akanitazama kama mtoto aliyepewa andazi. Nilifurahi. Niandike ukweli, nilifurahi sana.

Ijumaa, 11 Julai

Daktari alikuja. Amepitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Jina la Bwana Gwilimu halimo. Sheria inasema kila anayeguswa humu aandikwe. Sikumwandika. Nilijiambia ni mwiko wa baba. Pia niliogopa kufukuzwa, na hilo lisijifiche nyuma ya baba.

Iodini, amesahau.

Jumatatu, 14 Julai

Wale watatu wa tumbo hawakuja.

Jioni Bwana Gwilimu tena. Huwa hasemi, lakini ukimkanda mtu shingo ulimi nao hulegea. Alianza kuchimba makaa ya mawe chini ya ardhi akiwa na miaka kumi na minne. Huko kwao, anasema, wanaume wote wanachimba makaa na Jumamosi wote wanacheza raga, na aliye bora kijijini huitwa kuichezea nchi. Yeye aliitwa. Akapewa fulana nyekundu. Watu wa bonde lao walimbeba mabegani toka stesheni ya reli mpaka kwao, na mama yake alisimama mlangoni akawafokea wamshushe asije akaanguka.

Halafu vita. Miaka ile ambayo mwili wake ulikuwa na nguvu kuliko yote aliitumia jangwani Misri. Alirudi, akaitwa tena, akacheza tena, na siku moja hakuitwa. Hakuna aliyemwambia. Majina huchapwa gazetini. Aliambiwa na mwenzake shimoni kwamba jina lake halimo, wakati ana koleo mkononi.

Anazungumza Kiswahili cha bandarini, cha amri na matusi, na kikimwishia anaingia Kiingereza. Lakini alipokuwa anavaa shati alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, lugha nyingine kabisa. Nikamuuliza. Ni lugha ya kwao. Babu yake alivishwa kibao shingoni shuleni kwa kuisema. Nikamwambia kwetu kulikuwa na mwalimu aliyetufanyia hivyohivyo kwa Kimakua. Akasema Waingereza hawana mawazo mapya. Tulicheka wote wawili. Sijawahi kucheka na Mzungu.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekwenda kuiona hiyo raga. Mwendo mrefu wa baiskeli, kuvuka mji mzima mpaka uwanja wao uliopo upande wa Kinondoni. Sie tunasimama nyuma ya kamba, wapishi, madereva na madobi. Nilisimama na Mzee Mwinyi, mpishi wa Bwana Gwilimu, mtu wa hapohapo Kinondoni, aliyejitwika kazi ya kunifundisha.

Mchezo wa wendawazimu. Mtu mzima anakimbia na yai mkononi na watu wazima wenzake wanamwangusha. Ila hilo si kitu. Kitu ni kile wanachokiita skramu. Wanane wa upande mmoja wanashikana mabega, wanainama kama wanaotafuta shilingi, na wanane wa upande wa pili vivyo hivyo, halafu wanagongana vichwa kwa mabega na kusukumana. Bwana Gwilimu hukaa mstari wa mbele kabisa. Uzito wa saba nyuma yake na uzito wa wanane mbele yake, wote unapita hapo nilipoweka vidole vyangu Jumatatu.

"Unamwona?" Mzee Mwinyi ananiambia. "Hapo ndipo alipozaliwa."

Sikuweza kutazama. Kila walipogongana nilifumba macho, na mzee akadhani nalala.

Alhamisi, 24 Julai

Nimemkanda mara nne sasa. Leo nimemchoma pini kwenye kidole gumba akaruka na kunitukana. Hisia zimerudi. Maumivu ya bega yamekwisha, analala usiku kucha. Daktari wake angemvalisha kola ya ngozi na kumlaza miezi mitatu. Mimi nimetumia mafuta ya ufuta na wiki mbili.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Tekla akaniuliza nimepandishwa cheo. Nikamwambia zaidi ya hapo.

Jumapili, 27 Julai

Baada ya kanisa Mzee Mwinyi alifika Temeke na mkungu wa ndizi. Katumwa na Bwana Gwilimu, salamu na shukrani. Na habari: tarehe kumi na sita Agosti inakuja timu ya Nairobi, na Bwana wake kachaguliwa kuwa kapteni.

Tekla kamwamkia mzee, kamkaribisha uji, kamsikiliza mpaka mwisho. Alipoondoka tu akanigeukia. Kumbe ni yeye unayemkanda. Akasema mafuta ya ufuta ameyanusa kwenye shati langu zaidi ya wiki mbili, alidhani nina mwanamke.

Jumanne, 5 Agosti

Vibaya.

Jana katika mazoezi skramu iliporomoka. Leo kaja na uso wa majivu. Ganzi imerudi, na sasa mikono yote miwili. Akiinamisha kidevu kifuani anasikia kitu kama umeme unashuka mgongoni mpaka kwenye nyayo.

Alama hiyo naijua. Nilikuwa na miaka kumi. Walimletea baba mtu aliyeanguka toka juu ya mkorosho, akasema maneno hayohayo ya umeme. Baba aliyeshika miili ya watu maisha yake yote aliweka mikono nyuma. Akasema huyu haguswi. Akaagiza mlango wa nyumba ung'olewe, mtu alazwe juu yake chali, apelekwe misheni mwendo wa kunyatia. Ndiyo mara pekee niliyomwona baba akimkataa mgonjwa.

Nilimwambia Bwana Gwilimu asicheze. Nilimwambia kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nikamwambia shingo yake ni kama chungu chenye ufa, kinaweza kukaa jikoni miaka, kinaweza kupasuka leo. Alinisikiliza. Akasema acheze na Nairobi tu, kisha anatundika viatu. Akasema, "Mimi nikiacha mpira, mimi nani? Mtu ya winchi."

Akanigeuzia mgongo, akangoja.

Baba aliweka mikono nyuma. Mimi nimekanda.

Kwa nini? Kwa kuwa aliomba. Kwa kuwa alikuwa anaumwa na mimi ninaweza kuondoa maumivu. Na kwa kuwa alikuja kwangu na si kwa Daktari. Hili la mwisho ndilo kubwa na linanitia haya.

Ijumaa, 8 Agosti

Anasema haumwi tena. Kanishika mkono mbele ya makuli, wakapiga miluzi. Ganzi ipo bado kidogo kwenye vidole, lakini maumivu hakuna. Anadhani amepona. Maumivu ndiyo yaliyokuwa yanamzuia asiinamishe kichwa, na mimi nimeyaondoa.

Daktari kaja, kasaini, kaondoka. Sikusema kitu.

Jumanne, 12 Agosti

Sikumwambia Tekla. Nasema hivi ili nijue mwenyewe kwamba sikuvunja mwiko. Aliona tu. Siku tatu nakula nusu sahani, jana nilimfokea mtoto kwa kuruka kutoka kitandani.

Aliketi ukumbini anachambua mchele, hakunyanyua kichwa. "Yule Mzungu ana nini?"

Nikamwambia siwezi kusema.

"Atakufa?"

Siwezi kusema.

"Basi mwambie Daktari."

Nikamweleza habari za baba na mwiko. Anaujua tangu nimwoe, lakini nilimweleza tena kana kwamba mgeni. Akaniacha nimalize.

"Baba yako hakuwa na Daktari wa kumwambia, Baba Anna. Wewe unaye kila Ijumaa."

Nikatoka nje. Nilikwenda hadi dukani kwa Mwarabu, nikasimama pale kama mnunuzi, nikarudi mikono mitupu. Nilimkasirikia sana Tekla kwa sababu alisema kweli.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeamua jana. Leo nimevaa sare mpya. Nimeandika maneno kwa Kiingereza kwenye kikaratasi nikayakariri njiani, Keko yote nikiyasema peke yangu juu ya baiskeli.

Daktari alifika amechangamka. Si kawaida yake. Timu ya Nairobi imeshashuka, usiku wana karamu. Anapekua daftari huku anapiga mluzi. Nikasema, Daktari, kuhusu Bwana Gwilimu. Akasema ndiyo, ndiyo, kesho njoo umtazame, kesho utaona shingo inavyofanya kazi. Nikasema shingo hiyo nimesikia ina ubovu.

Akaacha mluzi. Akaniuliza nimesikia kwa nani.

Hapo ndipo. Nilitakiwa kusema: kwa vidole vyangu hivi. Maneno manne. Nikamwona amekaza macho kwenye mikono yangu, na chupa ya mafuta ya ufuta iko rafuni nyuma yake, na nikawaza nyumba, mtoto, Masasi, mikorosho. Nikasema, nimesikia tu, makuli wanasema.

Akacheka. Makuli! Akanipiga begani, akatia sahihi. Hata hivyo mlangoni alisimama kidogo, kama aliyesahau kitu, halafu akaenda zake.

Sikusema na sikunyamaza. Nimevunja mwiko nusu na sijamsaidia mtu. Ningekuwa mwanaume ningekwenda klabuni jioni hii nikaseme mbele ya wote. Niko hapa ukumbini na kalamu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilikuwapo.

Ilikuwa kipindi cha pili. Skramu karibu na kamba yetu, hatua kama ishirini. Walishikana, wakainama, wakagongana. Ikaporomoka. Wote wakaanguka kwa mbele, rundo, miguu tu inaonekana. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja wakijifuta majani. Yeye hakuinuka.

Alilala kifudifudi. Mkono wa kulia uko chini ya kifua, hautaki kutoka. Wenzake wanamcheka, wanamwita kwa jina, mmoja anamgusa kwa kiatu, taratibu, kama mzaha. Kisha wawili wakamshika makwapani wamsimamishe.

Nilipiga kelele. Nilianza kwa Kiswahili, msimnyanyue, msimnyanyue, nikakumbuka, nikapiga kwa Kiingereza. Niliruka kamba. Askari wa uwanjani akanidaka kiunoni. Walikuwa wameshamwinua mpaka magotini, na kichwa kikaangukia kifuani.

Daktari alivuka uwanja mbio na koti lake la karamu. Akawafokea wamlaze. Madhara walikuwa wameshayafanya.

Hakulia. Macho yalikuwa wazi. Walimpitisha kwenye machela mbele yetu. Mzee Mwinyi alivua kofia yake.

Halafu filimbi ikalia na mpira ukaendelea. Walicheza mpaka mwisho. Nairobi wakashinda.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 18 Agosti

Winchi zimefanya kazi kama kawaida, na msimamizi mwingine. Makuli wanataka habari kwangu. Wengine wanasema amekufa, wengine wanasema amepelekwa Ulaya kwa ndege. Nikawaambia sijui. Mmoja, yule niliyemrudishia bega, akasema, "Si wewe ulikuwa unamtengeneza, Dresa?" Hakuwa na ubaya. Nilikwenda stoo nikakaa juu ya kasha la bandeji.

Mzee Mwinyi amepita jioni. Yuko hai. Anaongea. Kutoka shingoni kwenda chini hakuna kitu.

Ijumaa, 22 Agosti

Daktari hakuja. Ni mara ya kwanza tangu nianze kazi hapa.

Nimejaribu kusali. Naishia kwenye mlango ule uliong'olewa, na baba amesimama mikono nyuma. Nilikuwa na miaka kumi na nilielewa. Sasa nina thelathini na mbili.

Jumatatu, 25 Agosti

Daktari alikuja leo, siku isiyo yake. Akawatoa wagonjwa wote nje, akafunga mlango. Amekonda. Akakaa palepale alipokuwa akikaa Bwana Gwilimu.

Akaniuliza mara ya pili: nani alikwambia?

Nikasema yote. Nilisimama wima kama mbele ya hakimu. Bega la kuli, shingo, mafuta, mara ngapi, umeme wa mgongoni, kwamba niliijua alama ile na nikakanda, kwamba niliondoa maumivu na kumwachia ufa. Nikamwambia mwiko wa baba. Nikamwambia pia kwamba mwiko haukuwa sababu yote, niliogopa kazi. Nikavua aproni nikaiweka mezani.

Hakuigusa. Kisha akasema, kwa Kiingereza, polepole, kwamba mwishoni mwa Julai glasi ilimponyoka Gwilimu pale klabuni. Wakaleta nyingine, ikaponyoka. Wenzao wakasema kalewa. Yeye Daktari alijua hajalewa. Alijua mkono unaoachia glasi maana yake nini, ndiyo kazi aliyoisomea. Akamwagizia ya tatu, wakacheka. Nairobi wanakuja na hapakuwa na mwingine wa kusimama mbele.

Akasema, "Ungesema Ijumaa ile ukweli wote, sijui ningefanya nini. Sijui."

Akainuka. Akaniambia nivae aproni, wagonjwa wananisubiri. Akaniambia haya yabaki humu ndani.

Nilitaka anifukuze. Nilijiandaa wiki nzima kufukuzwa, hata Tekla nilimwambia afunge vyombo. Sasa sina hata hilo. Namchukia kwa kunisamehe kitu ambacho si chake kukisamehe. Na namwonea huruma, maana mimi siku ile nilizuiwa na kamba, yeye hana hata kamba ya kusimama nyuma yake.

Nimewaita wagonjwa. Wa kwanza alikuwa na jipu.

Jumanne, 26 Agosti

Iodini imeletwa. Makasha mawili. Nikayatazama tu, nikashindwa kuyafungua hadi jioni.

Jumapili, 31 Agosti

Nimekwenda Kinondoni kwa Mzee Mwinyi. Shikamoo, marahaba. Anafungasha vitu vya Bwana wake. Meli itakayomrudisha kwao inaondoka Ijumaa. Ndugu yake atampokea huko. Kuna picha moja: vijana kumi na watano, mikono kifuani, nyuso kama za watu wanaokwenda kupigana. Sikumtambua mpaka mzee aliponionyesha. Shingo yake ilikuwa nyembamba.

Mzee anasema Bwana ameniulizia. Siku tatu mfululizo. Anasema, "Mie nimwambie nini? Nimemwambia Dresa ana kazi nyingi." Hakunilaumu. Namna anavyokunja mashati ya mtu yule, kola kwa kola, ndiyo iliyonilaumu.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimemwandikia Daktari. Si iodini safari hii. Nimeomba ruhusa ya kuingia hospitali ya Wazungu, saa moja tu.

Jumatano, 3 Septemba

Ruhusa imekuja. Kesho alasiri. Mlango wa jikoni.

Tekla ameipiga pasi sare yangu. Kola aliirudia mara tatu.

Alhamisi, 4 Septemba

Chumba cheupe, dirisha linaloangalia bahari, ila yeye haioni. Analala chali, mifuko ya mchanga imebana kichwa huku na huku. Anachokiona ni dari na uso wa anayemwinamia. Nilimwinamia, akanijua, akatabasamu. Nesi akaniletea kigoda. Nikakaa, na nilipokaa akawa hanioni tena. Tukaongea hivyo, yeye na dari, mimi na shavu lake.

Shingo imenywea. Sikutegemea kuwa ingenywea haraka hivi.

Akauliza nani alishinda. Wiki karibu tatu na hakuna aliyemwambia. Wanakuja, wanaongea hali ya hewa, wanaondoka. Nikamwambia Nairobi. Akafumba macho. Akasema alijua, kwa jinsi walivyokuwa wakileta maua.

Nikamwambia nililotoka Temeke kuja kulisema. Kwamba nilijua. Kwamba nilipaswa kumwambia Daktari na nilisema nusu. Nilitumia Kiswahili, sikutaka kujificha kwenye lugha ya kitabu. Alisikiliza. Akasema ningesema, angenivunja meno. Nikamwambia bora angenivunja. Akasema ndiyo, sasa naye anaona hivyo.

Hakusema amenisamehe. Sikumwomba.

Akaongea habari za kwao. Nyumba ziko mstari mmoja kama mabehewa. Wataweka kitanda chumba cha mbele, karibu na dirisha la barabarani. Wanaume watakuwa wanapita Jumamosi jioni kumsimulia mechi, na yeye atalazimika kuwasikiliza. Alisema hilo ndilo linalomtisha. Akaimba kidogo ile lugha yao, mstari mmoja, pumzi ikakatika.

Kisha akasema, "Dresa. Wewe shika mkono. Kama ile siku. Kanda kidogo tu."

Nikamwambia, "Haya."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa katikati ya mikono yangu tangu nilipokaa. Nilikuwa nimeshaukanda kutoka kwenye kiwiko mpaka kidole gumba, mara mbili, wakati anaongea.

Nikaurudisha taratibu juu ya shuka, nikauchukua upya, nikaanza tena kwenye kiwiko.